Mtu Aliyekombolewa: Maisha ya Adrian Atiman, Mganga wa Karema

Katika lugha yetu ya Kiswahili neno kukomboa lina kazi mbili. Mtu aliyeweka rehani shamba lake hulikomboa kwa fedha, na zamani za utumwa mtu aliyetekwa aliweza kukombolewa na ndugu zake kwa mali. Neno lilo hilo twalitumia kanisani kila siku tunapomwita Bwana wetu Mkombozi. Twalitamka kwa urahisi, maana wengi wetu hatukupata kuona mtu akilipiwa bei mfano wa mbuzi. Lakini huko Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, upande wa kaskazini wa nyanda za juu za Ufipa, aliishi mzee mmoja ambaye kwake neno hilo halikuwa mfano tu. Alitekwa angali mtoto, akauzwa, akakombolewa kwa fedha, kisha akabatizwa. Mzee huyo ni Adrian Atiman. Yafaa tuyakumbuke maisha yake, kwa kuwa yanatufumbulia maana ya mifano ambayo Wakristo wa kwanza waliitumia waliponena juu ya Ubatizo.

Atiman alizaliwa yapata mwaka 1866 katika nchi iliyo kando ya mto Niger, karibu na mji wa Timbuktu, ambayo leo ni sehemu ya Mali. Angali mtoto mdogo alikamatwa na wateka watu wa jangwani, akatengwa na wazazi wake asiwaone tena. Akavushwa jangwa la Sahara, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,500, pamoja na mateka wengine na mizigo ya biashara. Hata mwaka 1876, akiwa na umri wa miaka kumi hivi, alifika Algeria, na huko Mapadre Weupe walimnunua ili awe huru. Hivyo mtoto yule alikuwa na bei mara mbili: mara ya kwanza bei ya kumfunga, mara ya pili bei ya kumfungua.

Mapadre hao walikuwa shirika changa. Charles Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers, alikuwa amelianzisha mwaka 1868. Baadaye, mwaka 1882, alifanywa Kardinali, na mwaka 1884 jimbo kuu la kale la Karthago lilipofufuliwa aliwekwa kuwa Askofu Mkuu wake. Jambo hili lina uzito kuliko tunavyodhani. Karthago, mji ulio kando ya bahari katika Tunisia ya leo, ndipo palipoandikwa, yapata mwaka 200, kitabu cha kwanza tunachokijua ambacho kilitungwa kwa makusudi ya kueleza Ubatizo. Mtungaji wake ni Tertuliano, Mwafrika wa kaskazini, mtu mwenye akili kali na ulimi mkali, ambaye katika miaka yake ya mwisho alifuata wazushi, lakini maneno yake juu ya maji matakatifu Kanisa halikuyatupa.

Tertuliano alitumia mifano iliyokuwa ikijulikana na watu wote wa pwani ile. Alisema kwamba Wakristo ni samaki wadogo wanaozaliwa majini wakimfuata Samaki wao, Yesu Kristo, na kwamba hawana uzima nje ya maji hayo. Aliwakumbusha Roho aliyekuwa juu ya maji mwanzo wa ulimwengu, na gharika ya Nuhu, na bahari ambayo Waisraeli waliivuka wakiukimbia utumwa wa Farao. Tena twajua kwa maandishi yake kwamba waliobatizwa Karthago walipotoka majini walionjeshwa maziwa na asali, kwa sababu walikuwa watoto wachanga, na tena kwa sababu walikuwa wamefika katika nchi ya ahadi. Mtakatifu Paulo alikwisha kufundisha kwamba mbatizwa huzikwa pamoja na Kristo, humvaa Kristo kama vazi, na kwamba alinunuliwa kwa bei. Wengine waliuita Ubatizo muhuri. Neno hilo katika siku zile lilikuwa neno la kazi: lilikuwa jina la alama waliyopigwa kondoo ili mwenye kundi awatambue, na alama waliyotiwa askari na hata watumwa, ambayo haikufutika.

Angalia basi, msomaji, mifano hii ilichumwa wapi. Haikutoka katika vitabu vya washairi. Ilitoka bandarini, sokoni, zizini, kambini, na katika soko la watu. Wengi katika makanisa yale ya kwanza walikuwa watumwa au wana wa watumwa. Walipoambiwa kwamba wamenunuliwa, walijua fedha huhesabiwaje. Walipoambiwa kwamba wametiwa alama, walijua uchungu wa moto.

Na kwa sababu mifano ilikuwa hai, ilidai kitu. Yapata mwaka 253 washambulizi walivamia nchi ya Numidia, kusini-magharibi mwa Karthago, wakachukua mateka Wakristo wengi, wanaume kwa wanawake. Maaskofu wa Numidia wakaomba msaada kwa Mtakatifu Sipriano, Askofu wa Karthago. Yeye na taifa lake wakachanga fedha ya Kirumi, sesterse 100,000, mali nyingi sana, wakaipeleka ili mateka wakombolewe. Sababu aliyoitoa ilikuwa Ubatizo wenyewe: ikiwa waliobatizwa wamemvaa Kristo, basi Kristo ndiye aliyefungwa katika mateka wale, na haiwezekani kumwacha kifungoni Yeye aliyetutoa kifungoni. Sipriano hakuutumia mfano wa vazi kupamba hotuba. Aliutumia kufungua mifuko ya watu.

Karne mbili karibu zilipopita, mambo yalitokea tena. Barua ya Mtakatifu Augustino iliyopotea kwa muda mrefu, na kuchapishwa mwaka 1981, yaeleza jinsi wafanyabiashara wa watu walivyojaa katika pwani ya Afrika kaskazini yapata mwaka 428, wakiteka watu mashambani na kuwapakia melini. Augustino hakuwako mjini wakati ule, lakini Wakristo wa Hippo, mji ambao leo huitwa Annaba katika Algeria, waliwatoa watu wapatao 120 mikononi mwa watekaji. Hata hivyo tusijidanganye. Zimepatikana pingu za shingo za watumwa wa Kirumi zenye alama ya Kristo juu yake, na mojawapo, iliyookotwa Sardinia, ilivaliwa na mtumwa wa shemasi mkuu mmoja. Kumbe watu waweza kuimba habari za uhuru penye kisima cha Ubatizo, kisha wakarudi nyumbani kumfunga mwenzao kwa pingu iliyotiwa jina la Bwana. Mfano ukifa, hubaki maneno matamu tu.

Sasa turudi kwa kijana wetu. Lavigerie aliamini kwamba Waafrika watainjilishwa na Waafrika wenyewe. Kwa hiyo aliwachagua vijana waliokombolewa ambao walionyesha akili na moyo, akawapeleka kisiwa cha Malta, ambako tangu mwaka 1881 alikuwa na nyumba ya masomo kwa ajili yao. Walisoma uganga katika Chuo Kikuu cha Malta, ili waende barani wakiwa waganga na makatekista pamoja. Atiman alikuwa mmoja wao. Katika miaka hiyo ya ujana alipata Ubatizo na jina la Adrian. Akakaa katika masomo hata mwaka 1888.

Mwaka ule ule Papa Leo XIII alitoa waraka wa kuulaani utumwa, na Kardinali Lavigerie akazunguka Paris, London na Brussels akiwaamsha watu dhidi ya biashara ya watumwa katika bara letu. Alikuwa ametambua kwamba kumkomboa mtoto mmoja mmoja ni tendo la huruma, lakini soko hubaki wazi, na fedha ya ukombozi huingia katika mfuko wa mwizi. Yapasa soko lenyewe lifungwe. Ni kweli pia kwamba serikali za Ulaya ziliutumia wito huo kuwa kisingizio cha kujitwalia nchi zetu. Historia haina budi kuyasema yote mawili.

Atiman aliondoka na msafara wa wamisionari, akapita kutoka pwani kwenda bara, akafika Karema mwaka 1889. Karema ilikuwa boma lililojengwa na Wabelgiji mwaka 1879, nao Mapadre Weupe walilipokea mwaka 1885. Hebu fikiri kijana yule aliyaona nini njiani. Njia za misafara zilizotoka ziwani kwenda bahari zilikuwa ndizo njia za pembe na za watumwa, na biashara ile ilikuwa haijakoma. Yeye aliyevushwa jangwa la kaskazini akiwa mateka alikuwa sasa akiingia kwa hiari katika nchi nyingine ya mateka, ameshika dawa badala ya kuburutwa kwa kamba.

Na maji yaliyokuwa mbele ya Karema yalikuwa na historia yake. Watu waliotekwa katika nchi za Kongo, Manyema na Marungu, walivushwa ziwa kwa mitumbwi na majahazi, wakaletwa upande wetu wa mashariki, wakatiwa makongwa shingoni na kusukumwa hata pwani. Waisraeli walivuka maji wakauacha utumwa. Watu wale walivuka maji wakauingia. Wengine walikufa katika kuvuka, na ziwa likawa kaburi lao. Basi katekista aliyewaambia watu wa kando ya ziwa kwamba maji ni kaburi hakuhitaji maelezo mengi. Kazi yake ngumu ilikuwa kuwaonyesha kwamba maji hayo hayo yaweza kuwa mama. Mtakatifu Sirili wa Yerusalemu alikwisha kuwafundisha wabatizwa wake hivyo katika karne ya 4, kwamba walipozamishwa walikufa na kuzaliwa kwa wakati mmoja, na maji yale yakawa kaburi lao na mama yao. Adrian Atiman alilifahamu fundisho hilo kwa mwili wake. Alikuwa amekufa kwa wazazi wake, na amezaliwa kwa watu wengine.

Ubatizo huko haukutolewa kwa haraka. Tangu mwaka 1879 Lavigerie alikuwa amewaagiza wamisionari wake wafuate desturi ya Kanisa la kale, wawaweke waombaji katika mafundisho kwa miaka minne: miaka miwili ya mwanzo wawe waombaji tu, na miwili ya pili wawe wakatekumeni kamili. Alitaka watu wageuke kwanza, ndipo wasafishwe. Waombaji walipopokelewa walipewa medali ya kuvaa shingoni. Hebu tulitafakari jambo hilo. Katika nchi ambamo shingo za watu zilikuwa zimechubuliwa na makongwa, medali ndogo ilining'inia mahali pale pale. Muhuri wa Bwana mpya ulikaa juu ya kovu la bwana wa zamani.

Utaratibu huo ulipanda kutoka ziwani hata nyanda za juu. Chini ya Askofu Adolphe Lechaptois, aliyeliongoza Kanisa la huko tangu mwaka 1891 hata kufa kwake mwaka 1917, Injili ilienea katika Ufipa, na misioni kama Kate na Mwazye zikaanzishwa. Wafipa nao hawakuwa watu wasio na mifano. Wahunzi wao walijulikana mbali. Walijenga matanuru marefu ya udongo, yaitwayo malungu, marefu kupita kimo cha mtu, na magofu yake yangali yakionekana. Tanuru liliheshimiwa kama bibi arusi anayetazamiwa kuzaa, na chuma kilikuwa mtoto wake. Chuma hicho hakikufaa bado kwa jembe; kilitiwa tena katika tanuru dogo, kikachomwa mara ya pili, ndipo kikafuliwa. Mtu aliyekulia katika fikira hizo hawezi kushangaa akiambiwa kwamba kiumbe cha kale chaweza kuzaliwa upya, wala akiambiwa kwamba kazi hiyo huchukua muda na moto zaidi ya mmoja.

Hata jina la Sumbawanga lina jambo la kutufundisha. Kwa kawaida huelezwa kwamba maana yake ni kutupa uchawi. Katika Yerusalemu ya Mtakatifu Sirili, mwenye kubatizwa alisimama kwanza akiuelekea upande wa magharibi, mahali pa giza ambapo jua huzama, akanyosha mkono na kumkana Shetani na kazi zake zote. Kisha akageuka mashariki, akakiri imani. Kukana kulitangulia kupokea. Mikono haiwezi kushika kipya ikiwa haijatupa cha kale.

Tuangalie sasa kazi ya Atiman mwenyewe. Muda mfupi baada ya kufika alimwoa Agnes Wansahira, binti wa mtemi wa Wabende, na kwa ndoa hiyo mgeni akawa mwenyeji. Miaka ile ya kwanza nchi haikuwa na amani. Kapteni Leopold Joubert, askari wa zamani wa Papa, alikuwa akiwalinda watu wa ng'ambo ya ziwa dhidi ya wateka watu, na majeruhi hawakukosekana. Atiman alitibu vidonda, alikata na kushona, alisimamia wenye homa, alifundisha katekisimu. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale ulienea katika kandokando za ziwa, ukafanya vijiji vizima kuwa ukiwa. Wagonjwa walimjia kutoka mbali, Wakristo na wasio Wakristo, nao hawakuulizwa dini yao kabla ya kupewa dawa.

Mababa wa Kanisa walipenda kumwita Kristo Mganga. Mfano huo nao ulipata mwili Karema. Katekista alisema kwamba roho ina kidonda, na mchana ule ule mikono yake ilikuwa ikiosha kidonda cha mguu. Aliyeyasikia maneno aliweza kuyapima kwa mikono. Nadhani hiyo ndiyo sababu watu walimwamini.

Alifanya kazi hiyo kwa miaka 67. Alipofika, nchi ilikuwa ndiyo kwanza inaangukia mikononi mwa Wajerumani. Aliwaona wakija na akawaona wakiondoka, na Waingereza wakishika mahali pao. Mwaka 1922 sheria ya kuufuta utumwa katika Tanganyika ilipotoka, yeye aliyepata kuuzwa alikuwa mtu mzima wa miaka 56 hivi. Mwaka 1923 mwanawe Joseph alipewa daraja takatifu ya upadre, akawa miongoni mwa mapadre wa kwanza wazalendo wa sehemu zile. Hebu tafakari: mwana wa mtoto aliyenunuliwa akiwamiminia wengine maji ya Ubatizo, kizazi kimoja tu baadaye. Mwaka 1946 habari za maisha ya Atiman zilichapishwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records, kama alivyozieleza mwenyewe. Kanisa na serikali vilimtunukia nishani. Akafariki dunia Karema mwaka 1956, mzee wa miaka 90 hivi.

Tangu hapo mengi yamebadilika. Makao ya jimbo yalihamia Sumbawanga, na tangu mwaka 1969 jimbo likaitwa kwa jina la mji huo. Mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliagiza ukatekumeni wa watu wazima, wenye hatua zake, urudishwe katika Kanisa zima, na mwaka 1972 utaratibu wake ukatolewa Roma. Hivyo desturi iliyotoka Karthago ya kale, ikaishi katika misioni za Afrika wakati nchi nyingi za Ulaya zilikuwa zimeiacha, ikawa tena mali ya wote.

Lakini twaweza kuwa na taratibu zote bila uzima wake. Leo katika nyumba nyingi za Wakristo siku ya Ubatizo ni siku ya nguo nyeupe, picha, keki na pilau. Hakuna ubaya katika kufurahi. Wakristo wa kale nao walifurahi, wakanywa maziwa na asali. Ubaya ni kusahau kwamba vazi jeupe lina madai. Katika nyumba iyo hiyo, nyuma, jikoni, pengine yuko binti wa miaka 13 au 14, aliyetolewa kijijini kwa ahadi ya shule. Hulala wa mwisho na huamka wa kwanza. Mshahara wake hauonekani, au hupelekwa kwa mtu aliyemleta. Kwao hawajui habari zake. Naye amebatizwa, ana jina la mtakatifu, pengine ana rozari shingoni. Yeye ndiye aliyeosha vyombo vya sherehe.

Sipriano wa Karthago angeuliza nani amefungwa ndani ya binti huyo, na angetaka jibu la fedha na matendo, si la midomo. Tumwandikie wazazi wake. Tumpe haki yake mkononi mwake. Tumrudishe shuleni, au tumrudishe kwao akitaka. Adrian Atiman alilipiwa bei mara moja, naye aliirudisha kwa siku zote za miaka 67. Sisi sote tuliobatizwa tumelipiwa, na bei yetu ilikuwa kubwa kuliko yake ya Algeria. Deni hilo hulipwa kwa mtu aliye karibu nasi.